Masizi Juu ya Mti Mbichi

Siku alipozikwa Fundi Swaleh nilikuwa uani kwake, Busia upande wa Uganda, nikikata vitunguu pamoja na wanawake ambao wengi wao sikuwajua. Wanaume walikuwa wameshatoka na jeneza. Sisi tulibaki nyumbani kama ilivyo desturi yao, na mimi, ingawa ni Mkristo, nilijitanda leso kichwani nikafanya walivyofanya wenyeji. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimenya viazi mbele yangu aliniuliza mimi ni nani wake marehemu. Nikamwambia nilifanya kazi naye. Akauliza muda gani. Nikasema mwaka mmoja. Alinitazama usoni kidogo, maana machozi yangu hayakuwa ya mtu wa mwaka mmoja, kisha akasema, "Vitunguu vya hapa vikali, dada," akasogeza sinia lake karibu na langu. Tukaendelea na kazi. Nilikaa pale siku tatu. Nyumbani kwangu ni Tororo, si mbali, na kila jioni ningeweza kurudi kulala kitandani kwangu. Sikurudi. Nililala kwenye jamvi na wanawake wengine nikawa nafikiria mwaka ule mmoja, na sasa nauandika jinsi ulivyokuwa, sehemu mbaya kabla ya nzuri, kwa sababu nzuri naweza kuisimulia kwa mdomo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule nilikuwa nimeiacha Siniya ya tatu, yaani kidato cha tatu. Mwaka huo nguzo za umeme zilikuwa zikiingia vijijini, na wenye mashine za kusaga waliokuwa wamechoka na injini za dizeli kila mmoja alitaka mota. Mota haifungwi hivi hivi. Inataka swichi kuu, fyuzi, na kifaa cha kuiwasha, na vyote hivyo vinakaa ndani ya sanduku la chuma lililofungwa ukutani, juu kidogo ya kichwa cha mtu, ili maji na watoto wasivifikie. Masanduku yetu yalichomelewa upande wa Kenya na kuvushwa mpakani kwa mkokoteni. Likishajazwa vifaa vyake, sanduku moja lilikuwa zito kama mbuzi aliyeshiba. Fundi Swaleh ndiye aliyekuwa akiyafunga, kuanzia Busia hadi Tororo na chini mpaka Majanji, ziwani, na aliponichukua nifanye kazi naye watu walisema sana. Wateja walimuuliza kama msichana atapanda ngazi amevaa sketi. Aliwajibu kwamba ngazi haijawahi kumuuliza mtu amevaa nini.

Tulifanyia kazi katika chumba kimoja nyuma ya nyumba yake, mlango ukitazama jiko la mkewe, Mama Zuhura. Chumba kilikuwa na meza ndefu, marundo ya waya, na dirisha dogo ambalo moshi wa jikoni uliingilia kila asubuhi. Saa nne tulikunywa chai ya maziwa na mandazi. Mchana ilikuwa posho, yaani ugali, na mukene, dagaa wa ziwani, au maharage, na Ijumaa pilau. Miezi ya kwanza Mama Zuhura alinipakulia kwenye sahani ya peke yangu, akaiweka karibu na mlango, na sikumlaumu. Mimi mwenyewe nisingempenda msichana anayeshinda chumbani na mume wangu. Siku moja aliniita bila kuniangalia, akasema, "Athieno, sahani zangu unazimaliza, njoo ule huku," na tangu siku ile nilikula sinia moja na yeye na binti yake. Nilijiona nimepewa nyumba. Nalisema hili mapema ili ieleweke nilikuwa na nini cha kupoteza.

Ukuta wa vijijini kwetu si ukuta wa mjini. Ni tofali za kuchoma kwa kuni, laini, zimeunganishwa kwa udongo, halafu nje zimepakwa saruji nyembamba ili zionekane imara. Ukiingiza bolti ile ya chuma inayojitanua, tofali linapasuka ndani na wewe nje huoni kitu. Kwa hiyo Fundi alitumia vigingi. Alichimba shimo kwa patasi, refu kama kidole cha kati na la pembe nne, akapigilia kigingi cha mti, na bolti ikaingia kwenye kigingi. Mti wenyewe ulikuwa mvule kutoka milango mikuukuu iliyovunjwa, na kila kigingi kilichochongwa kilikaa wiki tatu kwenye wavu juu ya jiko la Mama Zuhura mpaka kikawa cheusi na chepesi. Kigingi kikavu kikiingia ukutani hunywa unyevu wa ukuta, huvimba, na kuanzia hapo hakitoki. Kigingi kibichi hufanya kinyume chake. Siku ya kwanza kinashika vizuri kabisa, pengine kuliko kikavu. Baada ya hapo kinaanza kukauka ndani ya ukuta, kidogo kidogo, kinakonda, na siku moja kinabaki kimekaa shimoni tu. Kabla ya kupachika sanduku, Fundi alikuwa na kawaida ya kuzishika bolti mbili za juu kwa mikono na kuning'inia, magoti ameyakunja, akihesabu polepole hadi ishirini. Wateja walikuwa wakicheka. Alisema afadhali aanguke yeye leo.

Wiki moja aliniambia nichonge vigingi vinane, nivikaushe, kwa sababu kazi tatu zilikuwa zinakuja pamoja. Sikuvichonga. Jumamosi nilikwenda kusukwa nywele, Jumapili nilikwenda kanisani na kuonyesha nywele, na siku zilizofuata nilikuwa najiambia kesho. Sina sababu nyingine ya kuandika hapa. Wiki tatu zikapita hivyo. Asubuhi ya kazi ya kwanza, kijijini Kirewa, Fundi alilazimika kuvuka mpaka kufuata sanduku jingine, akaniambia nitangulie peke yangu na lile lililokuwa tayari. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniachia ukuta mzima. Nilichukua kopo la vigingi kama lina vigingi ndani. Lilikuwa tupu.

Mashine ya kusaga ya Kirewa ilikuwa ya Mzee Obbo, mtu wa utani mwingi. Nilipima, nikapiga mstari kwa pimamaji, nikachimba mashimo manne, kisha nikatoka nje nikaona kipande cha nguzo ya mkalatusi kilichobaki walipojenga paa. Nilipokikata maji yalitoka. Nikachonga kigingi cha kwanza, nikaona ni rahisi kuliko mvule, nikachonga vyote vinane, vinne vya ukuta ule na vinne vya kurudisha kwenye kopo ili Fundi akilifungua asione upungufu. Vilikuwa vyeupe kama meno. Mzee Obbo aliniangalia akadhani ndivyo tunavyofanya siku zote. Injini yake ya zamani ya dizeli ilikuwa bado imesimama pale, na bomba lake la moshi lilikuwa limejaa masizi. Niliingiza mkono ndani ya bomba, nikavipaka vigingi vyote masizi, kimoja kimoja, pande zote, nikavifuta kwa kitambaa mpaka vikafanana kabisa na vile vya jikoni kwa Mama Zuhura. Nikapigilia vinne, nikakaza bolti, nikaning'inia nikihesabu hadi ishirini. Havikutikisika, tukalipachika sanduku na Mzee Obbo. Nilirudi Busia nimeketi nyuma ya pikipiki nikijisikia fundi.

Siku chache baadaye Fundi alichukua kopo, akaongeza humo vigingi vinne vikavu alivyokuwa navyo, akalitikisa. Hapo ndipo nilipaswa kusema. Tulifunga sanduku la kiwanda cha mikate Tororo, halafu la chumba cha barafu cha wavuvi Majanji, na kote alikuwa juu ya ngazi na mimi chini nikimpa vigingi mkononi. Majanji alikipima kimoja kiganjani. Akasema, "Hiki kizito." Nikamwambia labda kimetoka katikati ya mbao. Alikigeuza mara moja, akakipigilia.

Nimefikiria sana kwa nini sikusema siku zile. Nadhani nilikuwa nasubiri liwe jambo dogo lenyewe. Halafu jioni moja, jua bado halijazama, nilikuwa chumbani nakunja waya na Fundi alikuwa uani na shemeji yake Musa, mwenye lori la mizigo. Dirisha lilikuwa wazi. Musa alikuwa akimwambia watu wanasema, mtu mzima na msichana asiye wa kwao, na kama anataka msaidizi atamletea kijana. Fundi alimwacha amalize. Kisha akasema, "Nimekaa na vijana sita, Musa. Wote wameniibia, asiyeiba waya aliiba ukweli. Huyu hanidanganyi." Mama Zuhura, aliyekuwa akipepeta mchele karibu yao, akaongeza kwamba kweli, hata chumvi ikizidi anasema. Wakacheka. Mimi nilikaa chini sakafuni na waya mapajani. Kabla ya hapo kusema kungekuwa kukiri uvivu. Baada ya maneno yale kusema kulikuwa kumwonyesha mtu aliyenitetea kwamba amenitetea bure. Nikanyamaza tena, na kiangazi kikaingia, upepo mkavu ule unaopasua midomo, na kila siku kavu niliyoiona nilijua ndani ya kuta tatu kuna kitu kinakonda.

Aliyekuja na habari ni Mzee Obbo mwenyewe, siku ya soko. Alisimama mlangoni kwetu na kofia mkononi akamwambia Fundi, "Boksi yenu inaimba. Mimi nalipa umeme, redio sikuomba." Alieleza kwamba mota ikiwaka sanduku linatoa sauti, ngrrr, na wanawake wanaicheza kama ngoma. Fundi alicheka, akasema ni bawaba za mlango, akaniambia niende nikazikaze. Ningeweza kuandika kwamba sikujua. Lakini kabla ya kutoka nilitia vigingi vinne vikavu mfukoni. Mkono wangu ulikuwa unajua.

Nilikuta foleni. Wanawake kama kumi na tano na vikapu vya mahindi na mihogo mikavu, na mmoja wao, mwenye mtoto anayenyonya, alikuwa ameketi chini kabisa ya sanduku kwa sababu sakafu ya pale ilikuwa ya baridi. Sanduku lilikuwa likitetemeka juu ya kichwa chake. Niliwaomba watoke. Mmoja akasema kwa sauti, "Fundi msichana anataka kivuli chetu," wengine wakacheka, na yule mwenye mtoto hakunyanyuka. Nilimshika mkono nikamvuta. Sikuomba tena, nilimvuta mpaka mtoto akaachia ziwa akalia, na kicheko kikaisha. Nikamwambia msagaji azime. Mota iliponyamaza nilipanda, nikaingiza vidole nyuma ya sanduku kwa juu, vikaingia hadi kiungo cha pili. Tulilishusha watu wanne. Kigingi cha kwanza nilikitoa kwa vidole viwili tu. Kilikuwa kimekauka kimepinda, na masizi yangu bado yalikuwa juu yake, yamenata vizuri.

Niliyasafisha mashimo, nikapigilia vile vikavu, nikakaza, nikaning'inia, tukalirudisha sanduku. Mzee Obbo aliniuliza ilikuwa nini, nikamwambia vigingi, akatingisha kichwa, akanipa ndizi. Kwa Kirewa jambo lilikuwa limeisha na hapakuwa na mtu anayejua. Njia nzima nilikuwa nafikiria vile vinne vingine. Sikujua viko wapi. Kwenye kiwanda cha mikate sanduku lilikuwa ukuta mmoja na tanuri, na Majanji mashine ya barafu ilikuwa ikipuliza joto lake moja kwa moja kwenye ukuta wa sanduku, kiangazi ndani ya kiangazi. Nilimwona tena yule mama na mtoto wake. Nilimwona kila kilomita.

Nilimkuta Fundi anakula. Mama Zuhura alikuwa ameenda sokoni. Nilikaa mbele yake bila kunawa.

"Fundi, vigingi vya Kirewa vilikuwa vibichi."

Aliendelea kutafuna. "Nilikagua kopo," akasema. "Vilikuwa vyeusi."

"Nilivipaka masizi."

"Ya nini?"

"Usione."

Alilirudisha tonge kwenye sinia. Alikuwa mtu wa kutazama vitu kwa muda mrefu, ukuta, waya, na sasa alinitazama mimi hivyo hivyo. Aliuliza vingine viko wapi. Nikamwambia vinne vilibaki kwenye kopo, akavichanganya na vyake. Aliuliza kile kizito cha Majanji. Nikasema ndiyo. Akainuka na mabaki ya posho mkononi, akachukua mfuko wa vifaa, na baada ya dakika chache tulikuwa watatu juu ya pikipiki moja, dereva, yeye, na mimi nyuma, tukielekea Tororo. Hakugeuka hata mara moja.

Mwenye kiwanda cha mikate alikuwa mama mmoja mwenye sauti nzito ambaye wote tulimwita Hajati. Nilidhani Fundi ataeleza. Alimsalimia, akamuulizia watoto, halafu akasema, "Hajati, huyu ana neno lake," akarudi nyuma hatua moja. Nilisema mbele ya wakandaji wote wa unga. Hajati alikuwa na meza yake ya hesabu chini ya sanduku. Aliinuka kutoka kwenye kiti, akatazama juu, akanitazama mimi. "Kwa hiyo kitu nilichokuwa nakaa chini yake kila siku ni uongo wako?" Nikasema ndiyo, Hajati. Akatusogezea meza mwenyewe. Tulizima, tukashusha, tukavuta kigingi kimoja baada ya kingine. Vitatu vilikataa kabisa kutoka. Cha nne kilitoka kikiwa na masizi. Fundi alikipachika kikavu mahali pake, akapangusa mikono.

"Kimoja," akasema. "Basi Majanji vitatu."

Hayo ndiyo maneno pekee aliyoniambia mpaka tulipofika ziwani. Jua lilikuwa limeelemea upande, mitumbwi imevutwa mchangani, wachuuzi wa sangara wakigombania barafu mlangoni. Mtunza chumba, Ouma, alitupokea kwa furaha akasema tumefika wakati mzuri, maana sanduku limeanza kuinama tangu juzi. Alikuwa amelifunga kwa kamba ya nyavu hadi kwenye boriti ya paa na aliridhika sana na kazi yake. Tuliingia. Sanduku lilikuwa limetoka ukutani kwa juu upana wa kiganja, limelalia kamba ile na bolti moja ya chini, na waya mnene unaotoka kwenye nguzo ulikuwa umekazika kama mshipa wa shingo. Mashine ilikuwa inanguruma. Sakafu ilikuwa na maji ya barafu kila mahali, na wanawake watatu walikuwa wamesimama majini pekupeku.

Fundi aliwatoa wote bila kupandisha sauti. Swichi ya kuzima ilikuwa ndani ya sanduku lenyewe, na kwenye nguzo sisi hatukuwa na ruhusa wala ngazi ya kufika. Mlango wa sanduku ulifunguka kwa nje, na mlango wenyewe una uzito wake. Ukiufungua, uzito unahamia mbele, juu ya kamba. Alilitazama jambo hilo kwa muda. Kisha akasimama kwenye msingi wa saruji wa mashine, pakavu kidogo, akaweka mabega na mikono yote miwili chini ya sanduku, akaniambia, "Nikisema fungua, fungua. Ukiiona swichi usiitazame, ishushe." Nilikuwa na viatu vya raba na mikono yangu ilikuwa imelowa jasho. Nikaifuta kwenye nywele. Akasema fungua. Nilifungua na papo hapo nikasikia kamba inalia juu yetu. Swichi ilikuwa mbali kuliko nilivyoikumbuka. Niliishusha. Mashine ikakata sauti, na katika ukimya ule nilisikia wazi kigingi cha mwisho, kikavu kilichobaki peke yake, kikishindwa na uzito na kuchomoka, sauti ndogo sana, na sanduku lote likaja chini.

Alitoa bega, sanduku likapita pembeni mwa kichwa chake. Mkono wa kushoto haukuwahi. Kona ya sanduku iliushusha ikaubana juu ya msingi wa saruji. Aliinama pale, uso umekuwa wa kijivu, akauliza, "Imezimika?"

"Imezimika, Fundi."

"Basi," akasema, na ndipo akakaa chini ndani ya maji.

Alipoteza vidole viwili. Kwenye zahanati daktari alimuuliza imekuwaje, nami nilikuwa nimesimama pale nimeshika shati lake, nikafungua mdomo, na yeye akajibu kabla yangu kwamba aliteleza kwenye barafu. Hilo ndilo alilomwambia Ouma, ndilo alilomwambia Musa, ndilo alilomwambia mkewe. Kwa nini Hajati aliambiwa ukweli na mkewe hakuambiwa, sikujua wakati ule. Leo nadhani Hajati alikuwa na haki ya kujua ukuta wake, na mkono aliuhesabu kuwa wake mwenyewe. Au pengine aliogopa Mama Zuhura angenitoa uani mbele ya watu, na alitaka kunitoa mwenyewe, taratibu.

Alinitoa baada ya wiki moja. Mkono ulikuwa umefungwa, ameuweka juu ya meza kama kitu cha mtu mwingine. Nilikuwa nimefika mapema, nimefagia chumba, nimechonga vigingi ishirini vya mvule na kuvipanga kwenye wavu. Aliviona. Alisema nikae.

"Kwa vigingi nisingekufukuza," alisema. "Kila fundi ana ukuta wake mbaya. Nakufukuza kwa masizi. Nikibaki na wewe nitakuwa napima kila neno lako kiganjani, na mkono wenyewe ndio huu."

Nilimshukuru. Sijui kwa nini nilimshukuru, lakini ndilo neno lililotoka. Nilipita uani, Mama Zuhura akaniuliza mbona mapema, nikamwambia narudi kwetu. Akadhani naolewa. Alinifungia mandazi kwenye gazeti akanitakia heri, nami nikayapokea.

Nimefanya kazi hii miaka ishirini na zaidi tangu hapo. Nina duka Tororo, nina mafundi wawili, nakaushia vigingi juu ya jiko langu mwenyewe ingawa siku hizi wengi wananicheka. Nilikutana na Fundi mara nyingi, dukani, barabarani, mpakani kwenye foleni. Alinisalimia kila mara, aliuliza kazi, na kila mara nilitazama mkono. Wateja walinisimulia jinsi nyumbani kwake walivyokuwa wakimtania, mzee wa vidole vitatu, fundi aliyeshindwa na barafu, na kwamba yeye alikuwa akicheka nao. Mara mbili au tatu nilipanga kwenda kusema. Mara zote nilijiambia kwamba yeye mwenyewe ameamua hivyo na mimi ni nani niharibu. Ni maneno mazuri na nimeyatumia miaka mingi. Nikiyakagua leo naona yamepakwa kitu juu.

Siku ya tatu ya msiba watu walikuwa wamepungua. Mama Zuhura alikuwa amekaa eda katika chumba cha ndani, amejifunika nguo nyeupe, na nilipoingia nikiwa na uji alikuwa peke yake. Amezeeka, lakini sauti ni ile. Aliniambia nikae. Akawa ananisimulia mumewe, ugonjwa wake, usingizi wake, jinsi kikombe kilivyokuwa kikimponyoka kwa sababu ya ule mkono na wao kumcheka. Alikuwa anatabasamu kidogo aliposema hivyo. Nikaweka uji chini. Nikamwambia yote, tangu nywele hadi masizi hadi Majanji, kwa mpangilio huu huu nilioandika hapa, na sikulia, kwa sababu kulia kungekuwa kumwomba kitu.

Nje mtu alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga.

"Nilimcheka," akasema. "Miaka yote hiyo, mbele ya wageni, nilimcheka."

Aliangalia ukuta, si mimi. Kisha akaniambia watoto wake wako barazani, Zuhura na wadogo zake, na kwamba wao pia walimcheka.

"Nenda ukawaambie," alisema. "Mimi sitakusaidia hilo."

Niliinuka. Zuhura aliniona natoka mlangoni, akasogea kwenye mkeka kunipa nafasi, nami nikawaomba wanisikilize nikiwa nimesimama.